Ngano, Kilatini na Useremala: Masomo ya Bonde la Ufa Wakati wa Vita

Mwaka 1939, mwaka uleule Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, shule mpya ilianzishwa Njoro, mwendo mfupi kutoka mji wa Nakuru. Aliyetoa ardhi, ekari 740, alikuwa Maurice Egerton, Mwingereza mwenye cheo cha Lord ambaye wakati huo alikuwa akijijengea kasri la mawe huko Ngata. Ujenzi wa kasri ulianza mwaka 1938, vita vikausimamisha, na kazi haikukamilika hadi 1954. Shule haikungoja kiasi hicho. Iliitwa Egerton Farm School, na shabaha yake haikufichwa: kuwaandaa vijana wa Kizungu kwa kazi ya kilimo. Mwafrika angeweza kuingia uwanjani mle ameshika jembe au akiswaga maksai. Daftari halikuwa lake.

Mwanzoni mwa mwaka huohuo, Januari 1939, shule nyingine ilikuwa imefunguliwa Githunguri, upande wa pili wa ukingo wa bonde. Hiyo ilijengwa kwa michango ya Wakikuyu wenyewe, na kiongozi wake alikuwa Mbiyu Koinange, mwana wa Chifu Koinange, aliyekuwa amerejea karibuni kutoka masomoni Marekani na Uingereza. Shabaha yake ilikuwa kufundisha walimu wa shule za kujitegemea, zile ambazo wazazi walizianzisha walipokosana na wamishonari. Ukitaka kujua Nakuru na bonde lake vilikuwaje katika miaka ya vita, ziweke shule hizi mbili sambamba, kisha uulize kila moja ilifundisha nini na ilimfundisha nani. Naamini ratiba ya masomo inasema kweli kuliko hotuba ya gavana. Gavana anaweza kuahidi lolote, lakini ratiba inaonyesha mtoto huyu ametengewa maisha gani.

Tuanze na walowezi, kwa kuwa serikali nayo ilianza nao. Wazungu wa Njoro, Molo, Rongai na Subukia walikuwa wamejifunza kwa hasara. Mlowezi Lord Delamere alipoanza kulima ngano Njoro katika miaka ya mwanzo ya karne, kutu ya ngano ilimlia mtaji wake msimu baada ya msimu, hata akalazimika kugharamia utafiti wa mbegu kwa fedha zake. Mwaka 1927 kituo cha kuzalisha mbegu za ngano kikaanzishwa hapohapo Njoro, na mpaka leo utafiti wa ngano ya Kenya unafanyika huko. Kwa hiyo wazo la shule ya kilimo halikutokana na anasa ya tajiri mmoja. Walowezi walikuwa wameona kwamba kijana anayeshuka melini Mombasa na maarifa ya mashamba ya Uingereza hawezi kuyamudu maradhi ya mifugo, mvua na udongo wa bonde hili bila kufundishwa upya.

Vita vikaigeuza elimu hiyo kuwa mali. Majeshi yalihitaji chakula, na serikali ikawahakikishia walowezi bei ya mahindi na ngano. Sheria ya mwaka 1942 ya kuongeza mazao ikawapa fedha za kufungua ardhi mpya, na kanuni za mwaka huohuo zikaruhusu Waafrika kulazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya watu binafsi. Juu ya ngano na mahindi kulikuwa na pareto. Kabla ya vita soko lake kubwa lilishikwa na Japani. Japani ilipokuwa adui, maua meupe ya Molo na Nakuru yakawa dawa ya wadudu iliyotafutwa na majeshi ya washirika, Wamarekani wakiwa mstari wa mbele kununua. Ua la pareto ni jepesi, huchumwa moja moja kwa mkono, na wachumaji wakuu walikuwa wanawake na watoto. Watoto wengi wa bonde walizipitisha asubuhi za vita wakiwa na kikapu mkononi, katika saa ambazo mtoto wa mwenye shamba alikuwa darasani.

Na huyo wa mwenye shamba alikuwa darasani kwa amri ya sheria. Mwaka 1942 elimu ilifanywa ya lazima kwa watoto wote wa Kizungu wa Kenya, kuanzia miaka 7 hadi 15. Kwa wavulana wa Kihindi, lazima hiyo iliwekwa katika miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu peke yake, kwa hiyo mtoto wa mwenye duka wa Nakuru hakuwamo. Kuhusu Waafrika, sheria haikuweka lazima yoyote. Gilgil palikuwa na Pembroke House, shule ya bweni ya wavulana iliyofunguliwa mwaka 1927 kwa mfano wa shule za maandalizi za Uingereza, pamoja na Kilatini chake na kriketi yake. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, na mpaka wa kaskazini ukawa uwanja wa mapigano, Shule ya Prince of Wales ya Kabete nayo ililetwa Naivasha kwa muda. Masomo yaliendelea huko kando ya ziwa: Kiingereza, hisabati, jiografia, historia ya Uingereza na dola yake, na mwisho wa safari mtihani wa Cambridge. Karatasi za mtihani huo zilitungwa Uingereza na majibu yakasahihishwa Uingereza, wakati meli za Wajerumani zikiwinda baharini. Mtu akihangaikia mitihani kiasi hicho katikati ya vita, ujue anaona ndani yake urithi wa wanawe.

Marekani nako vita viliingia darasani, ila kwa njia nyingine. Septemba 1942 serikali ya huko ilianzisha mpango wa kuzielekeza shule za sekondari kwenye mahitaji ya vita. Fizikia na hisabati zikapewa uzito, yakaongezwa masomo ya msingi wa urubani, na mazoezi ya viungo yakawa ya kila siku. Kijana wa miaka kumi na saba alikuwa akiandaliwa kuendesha mtambo. Lakini Marekani hiyohiyo ilikuwa na aina nyingine ya shule, na ndiyo iliyosafirishwa kuja Kenya. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, iliyotumwa na mfuko wa hisani wa Marekani, ilizunguka Afrika Mashariki, James Aggrey wa Gold Coast akiwa mmoja wa wajumbe. Tume ilisifu mfano wa Hampton na Tuskegee, shule za Wamarekani weusi wa kusini, ambako kilimo, useremala na usafi vilichukua nafasi kubwa. Mwaka uliofuata Jeanes School ikafunguliwa Kabete, nayo ikabeba jina la mfuko mwingine wa Marekani uliogharamia walimu wa vijijini wa huko kusini.

Siidharau randa wala jembe. Nyumba za watu zilijengwa na mafundi waliotoka katika shule hizo, na mwalimu aliyefundisha kijiji kuchimba choo aliokoa maisha. Lililouma ni kwamba mtoto mmoja alipewa ufundi kama mlango na mwingine akapewa kama ukuta. Mbiyu Koinange aliujua ukuta huo kwa ndani, maana mwaka 1927 alikwenda kusoma Hampton yenyewe. Hakuishia pale. Aliendelea hadi chuo kikuu cha Ohio Wesleyan, kisha Columbia mjini New York, na aliporudi mwaka 1938 alikuwa na shahada ya pili. Baba yake na wazee wenzake walipomkabidhi Githunguri, walimkabidhi mtu aliyekuwa ameona mahali ambapo mpango ule wa Marekani ulikomea na mahali ambapo Mwafrika angeweza kufika akiupita.

Ndani ya Bonde la Ufa, shule za serikali kwa Waafrika zilikuwa za kuhesabika, na zilifuata mpango huo. Kapsabet ilikuwa na Government African School tangu 1925, na Tambach, juu ya bonde la Kerio, palikuwa na nyingine. Mwanafunzi aligawanya siku baina ya darasa, karakana na shamba. Mmoja wa waliopitia njia hii katika miaka ya vita alikuwa Daniel arap Moi, aliyezaliwa Sacho, Baringo, mwaka 1924. Alianzia shule ya misheni Kabartonjo, akaenda Kapsabet, na mwaka 1945 akaingia chuo cha walimu Tambach hadi 1947. Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini alipokuwa akianza masomo ya ualimu, na kwa wakati ule hakuna aliyemwona amechelewa. Wengi walianza shule wakiwa wamekwisha kuchunga miaka mingi. Wachache mno walifika shule ya sekondari ya Alliance, kule Kikuyu, ambako Carey Francis alichukua ukuu wa shule mwaka 1940 na ambako mtihani wa Cambridge ulikuwa mlango uliofunguka kwa nafasi za kuhesabu kwa vidole.

Waliobaki nje kabisa walikuwa watoto wa maskwota, na hao ndio waliokuwa wengi kuzunguka Nakuru. Skwota alikuwa mfanyakazi aliyeishi katika shamba la mlowezi na familia yake, akilima kishamba chake na kufuga mbuzi na ng'ombe wachache, kwa sharti la kumfanyia mwenye shamba kazi siku kadhaa kwa mwaka. Sheria ya 1918 ilitaka siku 180. Sheria mpya ya 1937, iliyoanza kutumika mwaka 1940, ilizipa halmashauri za walowezi uwezo wa kupandisha siku hizo hadi 240 au hata 270, na wa kupunguza mifugo. Fedha ya skwota haikutoka katika mshahara, maana mshahara haukutosha hata blanketi na kodi. Karo ilitoka kwa mbuzi aliyeuzwa. Ukimwondolea mzazi mbuzi, umemwondoa na mtoto darasani, bila kuandika neno lolote juu ya elimu.

Shule ya shambani ilihitaji kwanza ruhusa ya mwenye shamba. Wako waliotoa kona ya ardhi, kwa imani ya dini au kwa hesabu kwamba familia yenye shule haitahama. Wengi waliogopa. Kijana aliyesoma angedai mshahara wa karani, na angeweza kuusoma mkataba uliowekwa alama ya kidole cha baba yake. Palipokuwa na ruhusa, jengo lilikuwa la udongo na nyasi, kanisa Jumapili na darasa siku nyingine, na mwalimu mara nyingi alikuwa amewapita wanafunzi wake kwa madarasa machache tu. Alifundisha kusoma, kuandika, hesabu na dini. Wazazi walitaka kitu kimoja zaidi, Kiingereza, na wakitaka mapema. Shule za serikali na misheni zilikichelewesha hadi madarasa ya juu, na watoto wengi waliacha shule kabla ya kufika huko. Katika shule za kujitegemea jambo hili liligombewa kuliko jingine lolote la ratiba. Mzazi aliona karani wa stesheni ya Nakuru na karani wa KFA, chama cha wakulima, wakiandika hati kwa lugha hiyo, akajua ndiyo inayoamua nani atakaa mezani na nani atabeba gunia.

Tuchukue mtoto mmoja ambaye maisha yake yanajulikana. Josiah Mwangi Kariuki, ambaye Kenya nzima ilikuja kumwita JM, alizaliwa Kabati-ini, karibu na Nakuru, mwaka 1929, katika familia ya maskwota waliotoka Nyeri. Mwaka 1938 aliingia shule ya kutwa iliyoitwa Evanson's. Karo ikamshinda, akaacha. Miaka yote ya vita, wakati sheria ikimlazimisha mtoto wa Kizungu wa umri wake kukaa darasani, JM alikuwa kibarua katika shamba la mlowezi. Kilichomrudisha shuleni hakikuwa serikali wala misheni. Mwaka 1946 aliweka dau katika mbio za farasi, akashinda, na fedha ile akaifanya karo. Alikuwa na miaka kumi na saba, akakaa dawati moja na watoto wadogo, na hakumaliza shule ya msingi hadi 1950. Ninapoisoma habari hii nafikiria wale ambao farasi wao hawakushinda. Mashamba ya Bahati, Subukia na Elburgon yalijaa watoto wenye akili kama zake.

Penye ardhi yao wenyewe, au ardhi waliyodhani ni yao, watu hawakungoja bahati. Mwaka 1941 serikali ilianza kuwapeleka Olenguruone, katika nyanda za baridi magharibi mwa Nakuru, Wakikuyu waliokuwa wameondolewa Umasaini. Walijiona wenye haki ya kudumu pale. Serikali ikawaona wapangaji wa masharti, ikawapangia nini cha kupanda na wapi, katika mwinuko ambao mahindi hukomaa kwa shida. Mivutano ya bwana shamba wa serikali na wakulima wa Olenguruone ilizaa kiapo cha umoja ambacho baadaye kilienea mbali. Elimu ilikuwamo katika mivutano ile tangu mwanzo. Mtu anayeambiwa kila siku apande viazi na akate matuta kwa mpango asioutunga, hataki shule ambayo nayo itamfundisha mtoto wake viazi na matuta tu.

Na sasa jeshi. Waafrika wapatao 98,000 wa Kenya waliingia katika majeshi, wengi katika King's African Rifles, yaani keya. Gilgil ilikuwa kambi kubwa, Nakuru ikiwa njia panda ya reli, na wanaume wa bonde walitoka hapo kwenda Ethiopia, ambako Addis Ababa ilitwaliwa Aprili 1941, kisha Madagaska, kisha Burma. Jeshi liligundua upesi kwamba vita vya kisasa haviendeshwi na watu wasiosoma. Dereva lazima asome kibao, fundi wa simu za upepo lazima aandike alichosikia, mhudumu wa hospitali lazima apime dawa. Likaundwa shirika la elimu la jeshi, na Waafrika waliosoma wakapewa vyeo vya sajenti ili wawafundishe wenzao. Jeanes School ya Kabete, ile iliyoanzishwa kufundisha walimu wa vijiji, ikageuzwa mahali pa kuwaandaa wakufunzi hao.

Madarasa ya keya yalifanyika chini ya turubai au mti, baada ya gwaride. Yalianza na kusoma na kuandika Kiswahili, yakaja hesabu, Kiingereza kidogo, na mazungumzo juu ya habari za vita mbele ya ramani. Ramani ile ilifanya kazi kubwa. Mtu aliyekuwa akijua njia ya kutoka Njoro hadi Molo aliona mara ya kwanza Kenya ilivyokaa mbele ya India na Uingereza, na akaona kwamba wengine waliotawaliwa nao walikuwa wakidai mambo yao. Askari aliyekuja jeshini hajui herufi, ambaye barua yake ya kwanza iliandikwa na karani, aliweza sasa kumwandikia mkewe mwenyewe. Wakaguzi wa jeshi walizifungua barua hizo na kuzisoma kabla hazijapita. Walikuwa wamewafundisha watu kuandika, kisha ikawabidi wasome walichoandika.

Vita vilipokwisha, watu wa aina mbili walivua magwanda na kurudi bondeni. Serikali ilikuwa na mpango kwa wa kwanza. Kuanzia 1946 wanajeshi wa Kizungu walipewa mashamba na mikopo chini ya bodi ya makazi ya Wazungu, na waliokuwa hawajui kilimo wakapelekwa Egerton, Njoro, wakafundishwe. Masomo, ardhi na fedha vilikuja pamoja. Askari wa keya alipewa kiinua mgongo na cheti cha mwenendo mwema. Akiwa dereva au fundi, alikuta Nakuru imejaa madereva na mafundi. Akiwa mwana wa skwota, alikuta baba yake anadaiwa siku nyingi zaidi za kazi na mifugo michache zaidi, kwa sababu masharti ambayo walowezi waliyalegeza wakati wa vita sasa yalikuwa yanakazwa. Mwaka 1946 maskwota katika sehemu za Nakuru na Naivasha walikataa kuwekea alama mikataba mipya. Kati ya waliokuwapo walikuwamo watu ambao sasa waliweza kuisoma.

Olenguruone ilivunjwa kati ya 1948 na 1950, nyumba zikachomwa na mifugo ikatwaliwa, watu wakapelekwa Yatta. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, shule za kujitegemea zilifungwa au kukabidhiwa wamishonari, na Githunguri ikafungwa. Egerton ilikuwa na njia ndefu zaidi mbele. Mwaka 1955 ikawa chuo cha kilimo chenye stashahada ya miaka miwili, na baada ya Lord Egerton kufariki mwaka 1958, milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1987 ilipandishwa na kuwa chuo kikuu, rais wa nchi akiwa Moi, yule mwanafunzi wa Kapsabet na Tambach.

JM Kariuki alikuwa amekwenda sekondari King's College Budo, Uganda. Alirudi nyumbani mwaka 1952, akakamatwa akiwa Nakuru mwaka uliofuata, akazungushwa katika kambi za kizuizini hadi 1960. Katika kambi hizo wafungwa waliendesha madarasa yao, wenye kusoma wakiwafundisha wasiosoma, Kiingereza kikiwa somo lililopendwa. Alipotoka aliandika habari za miaka hiyo. Kitabu kilichapwa mwaka wa 1963 na Oxford University Press, na alikiandika kwa Kiingereza.